Herufi nne za Mwalimu, na zako

Mwanangu Neema,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, na orodha uliyonitumia ya viongozi na aina zao za tabia nimeiona: Nyerere kawekwa kwa wakimya, Kikwete kwa wachangamfu, Mkapa naye kapachikwa herufi zake nne. Unasema ofisini mmejazishwa dodoso la tabia, lile linalompa mtu herufi nne za aina yake, ukatoka mkimya, na wiki hiyohiyo mkuu wako akataka uongoze kitengo. Unaniuliza kama mkimya ataweza.

Tuanze na Mwalimu. Dodoso hilo lilitungwa Marekani na Isabel Briggs Myers na mama yake, Katharine Briggs, kutokana na mawazo ya Carl Jung wa Uswisi, aliyetoa kitabu chake cha aina za watu mwaka 1921. Mtu hujijazia mwenyewe. Sasa Mwalimu, aliyefariki 1999, nani kamjazia? Mtu aliyetazama hotuba zake kwenye simu! Na kiongozi akiwa jukwaani yuko kazini.

Akisimama kuhutubia, Mwalimu alitania, akacheka, umati ukaangua kicheko naye. Ukiona kipande hicho tu, utaapa kwamba ni mchangamfu. Lakini huyohuyo, nchi ikiwa mikononi mwake, alijipa muda wa kukaa na Shakespeare: tafsiri yake ya Julius Caesar ikatoka 1963, Mabepari wa Venisi 1969. Ile si kazi ya mtu anayekosa raha akiwa peke yake. Hata Kibaki wa Kenya, mzee wa gofu aliyesifiwa kwa upole, akichokozwa mkutanoni "pumbavu" ilimtoka mbele ya maikrofoni. Jung mwenyewe aliandika kwamba kila mtu ana pande zote mbili, ukimya na uchangamfu, ila upande mmoja huuzidi mwenzake. Hapo wapanga orodha wamepita kimyakimya.

Kinachoniudhi ni kwamba siku hizi ukimya umekuwa kama ugonjwa. Kwetu mtu alisemwa kwa kutosalimia au kutoonekana msibani, na hayo ni ya adabu, hayana uhusiano na kupenda kelele. Ukishafika msibani, nafasi yako ipo hata kama huna maneno. Msiba wa bibi yako, dada yako alipokea wageni mpaka sauti ikamkauka. Wewe ulikuwa uani na ungo mapajani, unachambua mchele na akina mama, husemi. Ilipofika jioni, baba yako alikuja kukuuliza wewe mchele umebaki kiasi gani na nani hajala, kwa sababu ulikuwa unajua. Wale akina mama mpaka leo wakiniona wanaanza na habari zako.

Kwa hiyo kitengo kichukue, ila dodoso lisiwe kisingizio. Asubuhi pita mezani kwao uwasalimie, wakubwa uwape shikamoo zao hata kama wewe ndiye bosi. Ajenda wape siku moja kabla ya kikao, usije ukawaacha wasemaji wawili wakala muda wote na wakimya wenzako wakatoka na hoja zao mfukoni. Kukiwa na sherehe nenda, kaa saa moja, aga vizuri, rudi ukapumzike.

Mkuu wako mjibu mapema. Shangazi yako nilimdokeza jana, na unamjua; hapa mtaani umeshakuwa mkurugenzi.

Mama yako