Kupamba nyumba ya kupanga nyanda za juu: anza na unyevu

Stika za ukutani zinazouzwa kwa mita hubandikwa Agosti zikapendeza, na ikifika Februari kona zimeshajikunja. Watu hulaumu gundi. Mara nyingi gundi haina kosa, ni ukuta wenyewe umelowa. Mbeya mvua huanza Novemba ikaendelea hadi Aprili au Mei, kisha inakuja baridi ya Juni na Julai: madirisha yanafungwa, chakula kinapikwa ndani, nguo zinaanikwa ndani, na mvuke wote huo unakwenda kutua kwenye ukuta wa baridi. Iringa na Njombe ni hivyo hivyo, na Makete zaidi. Kwa hiyo kabla hujanunua pambo lolote, ujue kama ukuta wako una maji na yanatoka wapi.

Kipimo chake hakina gharama. Kata nailoni safi ya sentimita 40 kwa 40, ibandike ukutani kwa solotepu pande zote nne pasibaki upenyo, uiache siku mbili. Ukikuta matone upande unaogusa ukuta, maji yamo ndani ya ukuta: yanapanda kutoka kwenye msingi, au bomba linavuja, au paa. Hilo ni la mwenye nyumba, mpigie, kwa sababu hakuna pambo litakalodumu hapo. Ukikuta matone upande wa chumbani, ni mvuke wa humo humo ndani. Fungua madirisha yanayoelekeana dakika kumi asubuhi na dakika kumi baada ya kupika, na usogeze kochi na kabati sentimita tano kutoka ukutani ili hewa ipite nyuma yake.

Madoa meusi ya kuvu yasugue kwa jiki iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa kumi, subiri robo saa, futa, acha pakauke kabisa. Vaa glavu na ufungue dirisha. Jiki usiichanganye na siki wala dawa ya kusafishia choo, inatoa gesi inayochoma mapafu. Na tafadhali usifunike ukuta wenye maji kwa rangi ya mafuta. Rangi ya mafuta inaziba, maji yanaisukuma kutokea ndani, na baada ya miezi unaona malengelenge. Rangi ya maji inaruhusu ukuta upumue.

Ukishamalizana na ukuta, njoo kwenye mbao, ambazo ndizo bahati ya ukanda huu. Shamba la miti la Sao Hill kule Mufindi ndilo kubwa kuliko yote ya serikali nchini, na mbao za paini zinafika Mafinga, Makambako, Iringa na Mbeya bila safari ndefu. Tatizo ni kwamba nyingi zinauzwa mbichi. Ubao mbichi ukiuunda leo, wiki chache zijazo umejikunja kama mtumbwi na viungio vimeachia. Zipange mahali penye kivuli na upepo, kati ya ubao na ubao weka vijiti vya unene wa inchi moja kila baada ya sentimita 50, vijiti vyote vikae kwenye mstari mmoja kuanzia chini hadi juu, kisha kandamiza kwa matofali. Kila wiki pima ubao mmoja ule ule kwenye mzani. Uzito ukiacha kushuka wiki mbili mfululizo, umekauka kiasi cha kuundwa. Kiangazi hesabu kama miezi miwili kwa ubao wa inchi moja, masika zaidi. Kama duka lina mbao kavu kweli, lipa hiyo tofauti ya bei.

Unapochagua, inua ubao uutazame kwa jicho moja kutoka ncha hadi ncha. Uliopinda uuache hata ukiambiwa utanyooka. Madoa ya kijivu ya bluu ni kuvu wa mbao. Hayapunguzi nguvu kwa kiasi cha kukutia wasiwasi, ila hayatoki, kwa hiyo ubao huo ni wa kupaka rangi, si vanishi.

Mpangaji anahitaji shelfu inayosimama yenyewe, asiyoitobolea ukuta. Ubao mmoja wa inchi moja kwa nane na mmoja wa inchi mbili kwa mbili, vyote futi 12, vinatosha shelfu ya ngazi tatu yenye kimo cha sentimita 90. Ule wa mbili kwa mbili unatoa miguu minne ya sentimita 90, na karibu hakuna kinachotupwa. Ule wa moja kwa nane unatoa shelfu tatu za sentimita 75, kipande kimoja cha sentimita 85, na viwili vya sentimita 20. Hivi viwili vipasue kufuata nyuzi za mbao upate vibebeo sita (vipande vya kubeba shelfu) vya upana wa sentimita nne. Kile cha 85 kipasue katikati kwa urefu: hivyo ndivyo viunga viwili vya mgongoni. Viunga hivyo ndivyo watu wengi wanaviruka, halafu wanashangaa shelfu inayumba kushoto na kulia. Miguu minne peke yake haina cha kuizuia.

Laza miguu miwili sambamba, kutoka ukingo wa nje wa mmoja hadi wa mwingine iwe sentimita 20, ufunge vibebeo vitatu upande wa ndani. Uso wa juu wa kibebeo cha kwanza uwe sentimita 10 kutoka chini, cha pili 48, cha tatu 87.5, ili ubao wa juu ulingane na ncha za miguu. Kama mbao zimepigwa randa zikabaki na unene wa sentimita mbili, kibebeo cha juu kipandishe hadi 88. Kila mwisho wa kibebeo weka skrubu mbili za inchi mbili, mshazari, zisikae kwenye mstari mmoja wa nyuzi. Toboa kwanza kwa biti ya milimita 3, la sivyo paini inapasuka kwenye ncha. Fremu ya pili ifanane na ya kwanza. Kisha weka shelfu juu ya vibebeo na ufunge kila mwisho kwa skrubu moja tu, katikati ya upana. Mbao hutanuka masika na kusinyaa kiangazi. Ukiibana pande zote mbili za upana, itapasuka kati. Mwisho funga viunga mgongoni, kimoja juu na kimoja chini, skrubu mbili kila ncha. Kabla ya kukaza, pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari: vipimo viwili vikilingana, shelfu imekaa sawa. Skrubu 40 zinatosha.

Piga msasa namba 80, halafu 120, halafu 180, daima kufuata nyuzi. Vifundo vinavyotoa utomvu vifute kwa thina kabla ya kupaka. Vanishi ipake nyembamba mara tatu, kati ya mkono mmoja wa vanishi na unaofuata pitisha msasa 240 kidogo. Hapa hali ya hewa ya kwetu inaadhibu: fanya kazi hiyo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Vanishi ikikutwa na umande wa jioni kabla haijashika, inapauka, na usiku wa Julai inaweza kubaki inanata hadi kesho yake.

Kwa ukuta, hakuna pambo la bei nafuu ninalolipenda kuliko vikapu vya Iringa, vile vinavyosukwa kwa majani ya milulu na akina mama wa Kihehe. Nunua vitano au saba vya ukubwa tofauti. Kabla ya kugusa ukuta, kata magazeti kwa duara za vikapu vyako, uyabandike kwa solotepu ya karatasi, uyasogeze mpaka mpangilio ukae. Katikati ya kundi iwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Badala ya matundu saba, funga ubao mwembamba mmoja kwa skrubu mbili, kisha vikapu vyote vitundike kwenye ubao huo kwa kamba za urefu tofauti. Nyuma ya kila kikapu gundisha kipande cha kizibo cha unene wa sentimita moja. Milulu ikilalia ukuta wa baridi inaota kuvu upande usiouona. Kikapu kilichobonyea kipanguse kwa kitambaa chenye unyevu, kijaze nguo kikae umbo lake, kikaukie kivulini. Jua kali linapausha rangi zake.

Pazia la kitenge: pisi moja ya yadi 6 inatoa vipande viwili vya sentimita 240, na kinachobaki kinatosha foronya ya mto mmoja wa kochi. Kifue kabla ya kukata, kwa sababu kinarudi, yaani kinapungua urefu. Nyuma shona bitana ya marekani. Usiku wa baridi utaona tofauti.

Vyungu vya Wakisi kutoka Matema, kando ya Ziwa Nyasa, vinapendeza sana juu ya shelfu, lakini udongo huo unapitisha maji. Ukitaka maua mabichi, ingiza kopo la plastiki ndani, la sivyo vanishi yako itapata duara jeupe.

Matundu mawili ya ule ubao wa vikapu toboa kwa biti ya ukuta ya milimita 6, kina cha sentimita nne, uweke plagi za plastiki. Msumari wa zege unabandua plasta. Usitoboe juu wala chini ya swichi kwa mstari ulionyooka, nyaya hupita hapo. Ukihama, chomoa plagi, lowanisha tundu kidogo, jaza saruji nyeupe mara mbili kwa sababu ya kwanza itasinyaa, piga msasa, upake rangi. Anza siku tatu kabla ya kukabidhi funguo.