Muulize Fundi: Piano inawaka taa ila haitoi sauti

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya huku Muheza, tuna piano ya digitali ya kii 88, ile nyembamba ya kuweka kwenye stendi, tulinunua mtumba. Kuna kii za katikati zilikuwa zinasumbua, nyingine hailii kabisa na nyingine ukiigusa kidogo tu inapiga kelele kama umeikasirikia. Nikaangalia video nikafungua mwenyewe, nikatoa ile mipira ya chini ya kii nikaisafisha na spiriti nikarudishia kila kitu. Sasa nikiwasha taa zinawaka vizuri tu ila kimya, hakuna kii hata moja inayolia. Mwenyekiti wa kwaya haniongeleshi na Jumapili ndo hiyo inakuja. Nimeunguza bodi? (Mpiga kinanda, Muheza)

JIBU: Marahaba mwanangu. Bodi sidhani. Chombo kilikuwa kinalia kabla hujakifungua, kikanyamaza ulipokifunga, hapo mshukiwa wa kwanza ni kitu ulichokichomoa au kukisogeza mwenyewe, plagi haijakaa au mkanda wa waya umeingia vibaya. Ila bisibisi iache kwanza, zile skrubu zinazong'ata kwenye plastiki ukizifungua fungua zinakula tundu na hazibani tena, na kuna majibu unayapata bila kufungua chochote.

Chomoa kila kitu nyuma, hedifoni, USB, pedali, ibaki adapta peke yake. Pandisha volyumu mpaka nusu halafu piga demo, ule wimbo uliotoka nao kiwandani (namna ya kuuita iko kwenye kitabu chake, kama kimepotea watengenezaji wengi wamekiweka kwenye tovuti zao bure). Demo ikilia, ujue spika ni nzima, amplifaya ni nzima, bodi kubwa inafanya kazi, shida iko kwenye njia ya kutoka kwenye kii kwenda kwenye bodi. Isipolia, chomeka hedifoni usikilize, ikisikika huko basi tafuta kwenye spika, plagi zake au soketi ya hedifoni. Kote kote kimya, anza na ule waya unaotoka kwenye kitufe cha volyumu, huo nao huwa unasahaulika wakati wa kufunga.

Wewe ulishika upande wa kii kwa hiyo naweka dau demo italia. Hapo angalia kwanza seting ya Local Control kwenye kitabu, ikizimwa kii zinapeleka taarifa kwenye kompyuta tu, zenyewe hazitoi sauti, na kinanda cha mtumba hujui aliyekuwa nacho alikifanyia nini. Yamaha nyingi zinarudi kwenye seting za kiwandani ukishikilia kii nyeupe ya mwisho kulia huku unawasha. Ila kumbuka kama mkanda wa kii umeachia, mashine haioni hiyo kii uliyoshikilia kwa hiyo hakuna kitakachobadilika, usije ukakaa hapo saa nzima unajaribu.

Sasa ndo ufungue, adapta ikiwa imechomolewa. Tafuta ule mkanda bapa unaotoka kwenye kii kwenda bodi kubwa. Angalia ncha yake vizuri, vile vimistari vya shaba au fedha viko wazi upande mmoja tu, ukiugeuza vinatazama plastiki badala ya kutazama pini na kwa macho utasema umeingia safi kabisa. Halafu soketi nyingi za hivi zina kikufuli chembamba, unakiinua kwa ukucha taratibu, unasukuma mkanda hadi mwisho ukiwa umenyooka, ndo unakibana. Watu wanasukuma bila kukiinua, ncha inakunjamana, au unaingia mshazari upande mmoja ndani mwingine nje. Nakwambia hivi kwa sababu zimekufa kii ZOTE. Ingekuwa ni mipira haijakaa au spiriti haijakauka zingekufa zile ulizogusa tu, na ikifa nusu ya kinanda mara nyingi ni kiunganishi kati ya bodi ndogo za chini ya kii.

Ikitokea demo haikulia ila hedifoni inalia, mulika tochi kwenye tundu la hedifoni. Mle ndani vinanda vingi vina kibati kinachosukumwa na jeki (ile ncha ya chuma ya waya wa hedifoni) ukichomeka ndo spika zinakatwa, kikipinda wakati unarudisha bodi kwenye kava kinanda kinaamini hedifoni imo muda wote. Nimeshakuta pia ncha ya jeki imekatikia humo. Spika yenyewe ipime hivi: chomoa waya zake kwenye bodi, gusisha betri ndogo ya 1.5V mara moja tu, ikisema "tok" na karatasi ikacheza ni nzima.

Kuhusu usafi, ile spiriti ya rangi inaacha utando, tafuta alkoholi ya isopropili ya 90% kwenda juu na usisugue sana vile vidoti vyeusi vya kwenye mipira, ni kaboni, inatoka. Kila kii ina vidoti viwili au zaidi, mashine inapima muda kati ya kimoja kugusa na kingine ndo inajua umepiga kwa nguvu gani, kikichafuka kimoja unapata zile kelele zako au kimya.

Na kama piano yako haina adapta, waya wa ukutani unaingia moja kwa moja ndani, usiifungue. Mle kuna umeme wa 230V na kapasita, vile vifaa vinavyotunza umeme, zinabaki na chaji hata ukichomoa. Mpe fundi.

SWALI: Adapta ya kinanda changu imekufa, nimepata nyingine inaingia tundu vizuri, niwashe tu? (Msomaji, Voi)

JIBU: Usiwashe bado. Karibu na tundu kuna mchoro wa nukta katikati ya duara, soma kama katikati ni + au −, kisha linganisha na adapta. Yamaha za 12V katikati ni chanya, Casio nyingi za zamani za 9V katikati ni hasi, na plagi zinaweza kuingiliana bila shida. Volti lazima ziwe zile zile, ampea zikizidi hakuna neno, zikipungua kinanda kitazima ukipandisha sauti.