Barua kwa mwanangu: kile kitambaa cha bibi yako

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara tatu. Umeniuliza, "Mama, nikitundika kitambaa cha bibi kwenye maonyesho yangu na kuandika kwamba hii ni historia ya mwanamke ambayo hakuna aliyeiandika, nitakuwa namheshimu au namtumia?" Ni swali zuri, na ningekuwa na akili timamu ningekujibu ndio au hapana nikaendelea na shughuli zangu. Ila mtu akitaja kile kitambaa mimi naona kona tu, ile kona, kwa hiyo vumilia.

Msimamo wangu unaujua, nimekuimbia tangu unaanza kushika sindano: mbele ya kitambaa ni ya wageni, nyuma ni ya mshonaji. Geuza kwanza. Mbele maua yamenyooka, nyuma ndo unaona alipoishiwa uzi akaunga wa rangi nyingine, alipochoka mafundo yakawa makubwa, alipokosea akafumua akarudia.

Sasa kona. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, shuleni tumeambiwa tulete kazi ya darizi yenye jina lako, na mimi mvivu unanijua, nikaona kitambaa cha mama kimejaa maua makubwa pande zote isipokuwa kona moja yenye maua madogo tisa yamepangwa mstari, hayafanani na mengine, na mawili kati ya hayo hayana kile kidoti cha njano katikati. Nikasema hapa ndo panafaa. Nikachukua wembe nikayafumua yote tisa nikaweka jina langu. Mama akaingia akanikuta. Hakufoka, na unakumbuka bibi yako alivyokuwa na sauti. Aliinama akaanza kuokota nyuzi sakafuni moja moja, hadi zile fupi kama kope, akazitia kwenye kopo la poda akafunga. Shuleni nilipata alama nzuri sana.

Sikuuliza mpaka baada ya msiba wake. Mama mkubwa akaniambia yale maua ni mimba zake, tisa, na yale mawili ni wale ambao hawakukaa. Nililia wiki nzima. Afu mama mdogo aliposikia akacheka, mimba gani, ile ilikuwa hesabu ya watu aliowakopesha, akilipa anawekewa kidoti, dada yangu kuandika hajui lakini hakuna aliyewahi kumdhulumu akasahau. Mpaka leo sijui nani mkweli. Na hapo ndo mnaponichosha nyie wasomi, maana nakujua, chini ya kitambaa utaandika mimba. Madeni hayapendezi ukutani.

Sisemi historia haimo kwenye nguo, imo. Yule msichana wa kazi za ndani wa Uingereza uliyenionyesha kwenye simu, Elizabeth Parker, miaka ya 1830 hivi, alidarizi mistari na mistari kwa uzi mwekundu, anaanza kwa kusema hajui kuandika (hajui kuandika, na huku anaandika kwa sindano!), anaeleza alivyotendewa na mwajiri wake, anaeleza alivyotaka kujiua, mpaka anafika anauliza roho yake itakuwaje, na maneno yamekatika hapo hapo. Na wale akina mama wa Chile baada ya mapinduzi ya 1973, walioshona vipande vya nguo juu ya gunia kuonyesha watoto na waume zao waliopotezwa, wengine wakitumia nguo za hao hao waliopotea. Lakini hao walisema wenyewe. Walitaka tujue. Mama yangu aliweka alama zake konani, kwa lugha yake mwenyewe, na mimi nadhani alitaka tusijue.

Au labda sivyo, maana tukinyamaza wote ndo wanafutika kabisa. Hapo namfikiria Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani kule Georgia, Marekani, mwaka 1837. Alishona kwilti, lile blanketi la vipande vya nguo, yenye visa vya Biblia, mwalimu mmoja wa sanaa akaiona kwenye maonyesho ya 1886 akataka kuinunua, akakataa. Miaka michache baadae shida zikambana akaiuza, aliomba dola 10 akapewa 5. Na alikuwa anarudi kuitembelea! Kutembelea kazi ya mikono yako nyumbani kwa mtu kama unavyomtembelea mtoto uliyemuozesha. Ila yule yule aliyempunja bei ndiye aliyekaa naye akaandika kila kipande maana yake nini, bila hivo leo tungekuwa tunabahatisha kama mimi na mama mkubwa na mama mdogo. Sasa huyo mwalimu alimheshimu au alimtumia? Ukipata jibu niambie.

Na ile meza ya karamu ya 1979 uliyonisimulia, ile kazi ya sanaa ya yule Mmarekani Judy Chicago, nafasi 39 za wanawake na majina 999 sakafuni, kazi kubwa sikatai. Nilikuuliza siku ile hukunijibu: mamia ya watu waliojitolea wakadarizi na kuchora, mbona ukiisimulia unataja jina moja? Wewe pia ulipokuwa unasimulia ulisahau kugeuza nyuma.

Utauliza, kwa hiyo nitundike au nisitundike? Ningekuwa mimi ni... hapana, naacha, nimejiapiza sikuamulii, maonyesho ni yako na bibi ni wako. Ila ukitundika kwa upande wa mbele tu nitakuja nikigeuze mwenyewe mbele ya wageni wako, usije ukasema sikukwambia.

Kiko kwenye sanduku la juu, na kopo liko ndani yake. Jina langu nililifumua nilipokuwa mkubwa, kwa hiyo ukikiinua kwenye mwanga pale konani utaona matundu ya sindano, yake na yangu, nimejaribu kuyatofautisha nimeshindwa, macho yako bado mazima labda wewe utaweza. Usikifue tafadhali. Na usikipige pasi, kikipata maji na moto matundu yanajifunga.

Mama yako