Pole na kazi, Mama Junior

Wiki iliyopita niliweka picha ya matokeo yangu ya CPA, ile mitihani ya juu ya uhasibu, mkanimiminia hongera mpaka simu ikazima. Nimemaliza, jamani! Somo la ukaguzi lililonitoa jasho mara 3 limeniachia. Hongera zenu nimezisoma zote, hata ya yule aliyeandika "hatimaye". Nimekuona.

Katikati ya hizo hongera kulikuwa na ujumbe wa mama mmoja. "Dada, nina watoto 2, natoka kazini usiku, baba yao yuko mbali. Kila nikilala najiona sijafanya kitu. Wewe unajitiaje moyo?" Nikaanza kumwandikia "mtangulize Mungu, utaweza", nikafuta. Na mimi niliambiwa hivyo miaka ile, nikishakata simu nalia vilevile.

Nilipojifungua mdogo wake Junior nilipewa siku zangu 84 za likizo. Siku ya 85 nilikuwa kwenye daladala ya Bunju–Makumbusho, nimesimama, maziwa yananichuruzika ndani ya blauzi. Sheria ya kazi inasema mama anayenyonyesha aruhusiwe hadi saa 2 kwa siku akamnyonyeshe mwanawe ndani ya muda wa kazi. Sikuijua. Na hata ningeijua, kutoka ofisini Mwenge hadi nyumbani Boko na kurudi kwa saa 2, kwa foleni ile ya Barabara ya Bagamoyo, labda ningeota mabawa. Basi nikawa nakamua stoo, nimekalia katoni za karatasi, mlango nimeuzuia kwa mguu.

Siku moja bosi wangu wa wakati huo akataka faili, akasukuma mlango, ukagoma. Nilipotoka akasema mbele ya wenzangu, "Kina mama mkishazaa mnakuwa wageni ofisini." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Maneno yake nimeshayasamehe, au najitahidi. Kicheko changu ndicho sijakisamehe.

Baba Junior ni dereva wa malori. Akikwama Tunduma kwenye foleni ya kuvuka kwenda Zambia, ni siku kadhaa, na simu yake ni moja: watoto wamekula? Simlaumu. Namlaumu kidogo.

Miaka ya katikati niiruke, ilikuwa ni uji, sare, daladala, hesabu za watu, daladala, homa za usiku. Nikawa mkali kama pilipili. Kujua kwamba nimekuwa mkali nilijulishwa na binti yangu, ana miaka 4. Walikuwa wanacheza kibaba na kimama uani, yeye ndiye mama. Kavaa viatu vyangu, kabeba pochi yangu, kaingia mlangoni akaitupa pochi chini: "Msinisemeshe! Nimetoka kazini!" Junior, aliyekuwa mtoto kwenye mchezo, akanyamaza na kuinama kwa ustadi ambao hakufundishwa na mtu. Nilisimama dirishani na kijiko cha mboga mkononi. Mboga ikaungua.

Sasa dawa niliipata wapi? Getini. Ofisini kwetu kulikuwa na mzee mlinzi, kila jioni nikitoka ananiambia, "Pole na kazi, mama." Nami namjibu, "Asante, baba, pole na wewe," natembea. Sikuwahi kuyawaza maneno hayo. Akaja akahamishiwa lindo jingine. Jioni ya kwanza nikapita getini kimya, nikafika kituoni nahisi nimesahau kitu. Nikapekua pochi: simu ipo, funguo zipo. Ndipo nikatambua kilichopungua. Nikajisemea, kwa sauti kabisa, "Pole na kazi, Mama Junior." Dada aliyekuwa anachoma mahindi pembeni akanitazama, akamtazama mteja wake. Na machozi yakanitoka palepale.

Tazameni ilivyo ajabu. Sisi fundi akikupitia na ndoo ya zege unampa pole. Konda, polisi wa barabarani, muuza maji, wote tunawapa pole na kazi, bure, hata hatuwajui. Anayeamka saa 10 alfajiri kwenye nyumba yako mwenyewe hujawahi kumpa. Tena nikiri jambo: dada yetu wa nyumbani, ambaye bila yeye hakuna CPA hapa, nilikaa naye mwaka mzima kabla sijagundua kwamba hata yeye simwambii. Nilikuwa namuuliza tu sukari imeishaje.

Basi mwenzenu nikaanza. Kila jioni, nikishuka Boko Magengeni, kutoka kituoni hadi nyumbani ni dakika 10 hivi. Hapo ndipo ninapojisemesha. Kwanza pole, na naitaja sababu yake: pole, umesimama toka Mwenge, pole, yule mteja kakufokea na kosa si lako. Kisha hongera, nayo naitaja: hongera, leo umefunga hesabu za mwezi, hongera, asubuhi umeme umekatika na sare umeinyoosha kwa pasi ya mkaa ya jirani. Nikifika mlangoni pochi naiweka chini taratibu.

Msiniulize kwa nini pole inatangulia. Wanaohamasisha watu siku hizi wanaanza na "unaweza, wewe ni simba". Simba gani, mtu miguu imevimba? Nilipofeli ukaguzi mara ya pili nilijaribu kujiambia naweza, nikajiona mwongo. Nikarudi kwenye pole. Pole, ulisoma usiku miguu iko kwenye beseni la maji usisinzie, na bado. Hiyo niliiamini. Na Novemba nikajiandikisha tena.

Kwa hiyo, dada yangu, na wote mnaosoma: sema kwa sauti. Jiite jina lako. Taja kitu chenyewe, usiseme "hongera kwa yote", hiyo ni ya kwenye kadi za harusi. Na sema kila siku, hasa siku ambayo hujisikii, kwa sauti. Wanawake tumezoea kungoja mume aseme, bosi aseme, mama mkwe aseme. Utangoja mpaka uzeeke! Bosi wangu yule nilingoja miaka miwili aseme neno moja zuri, akahama kazi hajasema. Watoto wetu wanatazama tunavyojitendea, na wanaiga. Mimi wangu waliniiga nikiwa nimevaa viatu virefu, nimetupa pochi.

Sasa wewe uliyeniandikia, nina swali moja na jibu nalitaka leo kabla hujalala. Taja kitu kimoja ulichokifanya leo. Na usiniandikie "hakuna". Wanao wamelala wameshiba, nani kawapikia?