Meno ya Mpini: Namna ya Kuyatambua Kabla ya Kununua

Wengi wanaonunua mpini wa fagio, dekio au rola ya rangi hutazama unene wa bomba lake tu, na hapo ndipo fedha hupotea, kwa sababu mipini miwili yenye unene uleule yaweza kuwa na meno, yaani mikato ya kuzungusha iliyo mwishoni mwa mpini, yasiyokubaliana kabisa. Hapa Dodoma, ambako vumbi la kiangazi halimwachi mtu apumzike na dekio, nimejizoeza kwenda soko la Majengo au la Sabasaba na kichwa cha fagio chenyewe mfukoni, pamoja na rula yenye inchi upande mmoja na milimita upande wa pili.

Mipini ya mtindo wa Kimarekani, ikiwamo mingi ya rola za rangi, ina kipenyo cha robo tatu ya inchi kwenye meno, yaani takribani milimita 19, na meno matano kwa kila inchi. Jino lake ni nene na limekatwa bapa juu. Ile ya mtindo wa Ulaya, ambayo katika biashara huitwa ya Kiitaliano, ni minene zaidi, karibu milimita 22. Mpini mwembamba ukitiwa katika tundu la mnene huingia bila ubishi, kisha huchomoka maji yakiwa yameshamwagwa sakafuni.

Baada ya kipenyo, pima hatua, yaani umbali wa kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino linalofuata. Weka sifuri ya rula juu ya ncha ya kwanza, kisha uhesabu nafasi, si ncha, maana anayehesabu ncha hupata sita penye tano. Penye meno machache, nafasi tatu zinatosha: kwa mtindo wa Kimarekani zitafika milimita 15 na ushee. Mimi, hata hivyo, naamini macho kuliko rula. Ukiwa na mpini wa zamani, ulaze ubavuni mwa mpya, meno yaingiliane, uinue kwenye jua: yakilaliana bila kuacha mwanya, hatua ni moja, yakianza kupandana kwenye jino la pili au la tatu, rudisha.

Muuzaji akizungusha mara moja na kusema unaingia, mwombe aendelee hadi mwisho, kwani mzunguko wa kwanza hukubali karibu kila kitu. Ukiona unga wa plastiki unadondoka, meno ya tundu tayari yanaliwa.

Vishikio vya vifuniko vya sufuria na mikono ya mashine ndogo vina mtego mbaya zaidi. Skrubu ya milimita 8 na ile ya inchi 5/16, ambayo ni milimita 7.94, hazitofautishiki kwa jicho. Pima nafasi kumi: zote zikiwa za meno ya kawaida, si yale membamba, ya kwanza hutoa milimita 12.5, ya pili hutoa 14.1.

Mpini wa mbao una jambo lake. Mbao husinyaa hewa inapokauka, hivyo mpini uliokaza vizuri masika huweza kulegea kiangazi ingawa kipimo chake ni sahihi. Usinunue mwingine, zungushia meno utepe mweupe wa mafundi bomba, ukifuata upande ule ule wa kukazia, la sivyo utajikunja na kutoka wote unapokaza.