Usilipe hiyo proforma kabla hujasikia sauti yenu

Ndugu mleta uzi, usilipe. Umesema kanisa lenu limechanga milioni 14 ili mrushe ibada mubashara, muuzaji kakuandikia proforma (ankara ya awali) ya kamera tatu, swichi ya video ya kuhamisha picha kati ya kamera, stendi na droni, na sasa unauliza kamera ipi ni bora, mrushe kupitia wapi, vijana wafundishwe na nani, na nyimbo za kwaya zina shida gani ya hakimiliki. Nimeisoma orodha yako mara mbili nikitafuta sauti. Hamna hata waya mmoja.

Orodha hiyo naifahamu. Usharika wetu uliletewa ya namna hiyo hiyo na muuzaji wa vifaa ambaye hakuwahi kukanyaga kanisani kwetu siku ya ibada. Hakuuliza kwaya inakaa upande gani, miksa (mashine ya kuchanganyia sauti) ina matundu gani, wala kama kuna dari. Mzee mmoja wa kamati alimuuliza waziwazi, “Na sauti je?” Akajibu, “Kamera hizi ni za kisasa, sauti itaingia yenyewe.” Maneno hayo yalitugharimu fedha za wajane waliotoa sadaka zao, na mpaka leo yananikera. Mtu anayeuzia kanisa vifaa bila kusikiliza hata wimbo mmoja ndani ya jengo lile anatafuta kamisheni tu.

Kanisa letu lina kuta za plasta, sakafu ya vigae na bati lisilo na dari. Kamera ikikaa nyuma kabisa, maiki yake haimsikii mchungaji. Inasikia spika, halafu ukuta, halafu bati, halafu mtoto anayelia benchi la mwisho. Aliyepo kanisani haoni tatizo, kwa sababu masikio na macho yake yanasaidiana. Aliye nyumbani na simu yake anasikia mtu anahubiri ndani ya pipa.

Tuliendelea hivyo hivyo hadi ikafika ibada ya mazishi ya mama mmoja aliyeheshimika sana usharikani. Watoto wake wawili walikuwa ughaibuni, hawakuweza kuwahi, familia ikatuomba turushe. Picha ilikuwa safi, ungeweza kuhesabu maua juu ya jeneza. Mjukuu akasimama kusoma wasifu wa marehemu. Kwenye maoni wale watoto wakaanza kuandika: “Hatusikii.” “Jamani, ongezeni sauti, hatusikii.” Kijana wa mitambo akapandisha sauti hadi mwisho, kilichoongezeka ni mwangwi. Mazishi hayarudiwi. Wale watu walimzika mama yao bila kusikia neno hata moja lililosemwa juu yake, ilhali kamera tatu za bei kubwa zinawaangalia waombolezaji.

Baada ya hapo tukaunganisha waya kutoka MAIN ya miksa, tundu linalotoa sauti ile ile inayoenda kwenye spika za kanisa, hadi kwenye kompyuta. Naona mchangiaji mmoja hapo juu anakushauri hivyo. Mahubiri yatasikika, ndiyo, lakini muziki utaharibika. Ngoma na gitaa vina nguvu zake vyenyewe ndani ya jengo, kwa hiyo fundi anavipunguza kwenye miksa ili visizidi. Kwaya ya watu arobaini inasikika bila kusukumwa. Kwa hiyo kinachotoka MAIN ni kile tu ambacho jengo limekosa: maiki ya mchungaji na kinanda. Nyumbani wanasikia kinanda kikipiga peke yake na kwaya ikiimba kwa mbali kama iko nje. Mzee mmoja akaanza kukemea pepo wa mitambo. Hapakuwa na pepo, palikuwa na waya uliochomekwa tundu lisilofaa.

Tundu linalofaa ni AUX. Karibu kila miksa inayo, hata zile ndogo. AUX inakupa mchanganyo wa pili unaojitegemea: ndani ya kanisa ngoma iko chini, kwa watazamaji unaipandisha. Kama miksa inaruhusu, iweke PRE, yaani sauti ichukuliwe kabla ya kufika kwenye kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti, ili fundi akimpunguza mwimbaji ndani ya jengo, aliye nyumbani asiathirike. Ila ukiweka PRE, zima maiki ya mchungaji kwa kitufe cha MUTE akiingia sakristia. Kushusha kitelezi peke yake hakutoshi, maongezi yake yataenda hewani.

Kisha wawekee kwaya maiki mbili za kondensa (aina inayonasa sauti vizuri hata kwa mbali), mbele na juu kidogo ya safu ya kwanza. Hizo zinahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye miksa, uliza kama yenu inao. Ongeza maiki moja ya kusikiliza waumini, isiyoingia kabisa kwenye spika za ndani, la sivyo itapiga mluzi. Bila hiyo, “Amina” ya kanisa zima haifiki nyumbani, na mgonjwa aliyelala kitandani anabaki anasikiliza hotuba badala ya kuwa ibadani.

Usichomeke waya wa miksa moja kwa moja kwenye tundu la maiki la laptopu, sauti itakwaruza kwa sababu ina nguvu kuliko tundu hilo linavyohimili. Nunua kadi ya sauti ya USB. Ukisikia mvumo usioisha, ni umeme: miksa na kompyuta zipate umeme kutoka chanzo kimoja, na mvumo ukibaki, weka DI boksi, kiboksi kinachotenganisha umeme wa vifaa hivyo viwili, katikati. Asije fundi akakata mguu wa ethi wa plagi. Mvumo utaondoka, lakini anayeshika maiki anaweza kupigwa na umeme.

Halafu midomo ilingane na sauti. Sauti ya waya hufika kabla ya picha, kwa kuwa kamera na swichi huchelewesha picha kidogo. Mtu apige kofi mbele ya kamera, rekodi, angalia. Kwenye OBS, ambayo ni programu ya bure ya kurushia matangazo, kuna sehemu ya Sync Offset ya kuchelewesha sauti. Ongeza milisekunde kidogo kidogo mpaka kofi na mlio vikutane.

Sasa kanuni yangu, na siipunguzi kwa ajili ya mtu yeyote: usinunue kamera hata moja mpaka mmerekodi ibada nzima, sauti tupu, na mtu ambaye hakuwepo ameisikiliza kwa spika ya simu yake na kuelewa kila neno, pamoja na maneno ya kwaya. Akikosa mstari mmoja, fedha bado ni za sauti. Hata vijana wakikataa, hata mwenyekiti wa kamati akikataa, sauti kwanza. Tena kijana wa sauti ya mtandaoni akae chumba kingine na hedifoni zinazofunika masikio. Akikaa ukumbini atakuwa anasikia spika za kanisa, hatajua wa nyumbani wanapata nini.

Kamera? Moja yenye zumu nzuri, kwenye stendi isiyotikisika. Droni futa. Picha ya 720p (HD ya kawaida) inatosha, inahitaji mtandao wenye kasi ya kupandisha (upload) ya takriban Mbps 4, nawe uwe na mara mbili yake. Ibada ya saa mbili itakula karibu GB 3.6, hivyo hakikisha bando linatosha, na kasi ya mtandao ipime saa ile ile ya Jumapili mnayoabudu, usipime Jumanne usiku. Kama ni YouTube, omba ruhusa ya kurusha mapema, mara ya kwanza inaweza kuchukua hadi saa 24.

Kesho piga picha nyuma ya miksa yenu, matundu yote yaonekane, uiweke hapa. Tukuonyeshe AUX iko wapi kabla yule jamaa hajarudi kudai malipo ya awali.