Wasomaji Wanauliza: Kura Yako Katika Uingereza Iliyogawanyika

*Shikamooni wahariri. Mimi na mume wangu ni raia wa Uingereza, asili yetu Kenya. Jimboni kwetu vyama vitano vinanyang'anyana kura, na kile ninachokipenda hakijawahi kushinda. Mume wangu asema nikikipigia nimeitupa kura, bora nimpe yeyote awezaye kumzuia yule tusiyemtaka. Nimsikilize au nifuate moyo?*

Marahaba, dada. Kabla ya kumsikiliza mume au moyo, tazameni hesabu za jimbo lenu, maana ushauri unaofaa jimbo moja huweza kuharibu mambo jimbo la pili.

Uingereza ina majimbo 650, na kila jimbo hutoa mbunge mmoja. Anayeongoza, hata kwa kura moja, ndiye mshindi. Hakuna asilimia 50 jumlisha moja wala duru ya pili. Ndiyo maana mwaka 2024 Labour walipata asilimia 33.7 ya kura wakaondoka na viti 411, ilhali Reform UK kwa asilimia 14.3 waliambulia viti 5. Liberal Democrats walikuwa nyuma ya Reform, asilimia 12.2, wakazoa viti 72. Kura zao zilirundikana katika majimbo waliyoyalenga. Za Reform zilitapakaa nchi nzima.

Kura zikigawanyika, idadi inayotosha kushinda hushuka. Mwaka huo huo, huko South West Norfolk, Liz Truss aliyewahi kuwa waziri mkuu aliangushwa na mgombea wa Labour mwenye kura 11,847, kama asilimia 27 tu. Truss alipata 11,217, na wa Reform 9,958. Mwaka 2019 Truss alikuwa ameshinda hapo kwa zaidi ya kura 26,000, kwa hiyo pengo kubwa la zamani nalo si ngome. Na huko Hendon, London, tofauti ilikuwa kura 15.

Basi chukueni matokeo ya mwisho ya uchaguzi mkuu jimboni kwenu, yapo kwenye tovuti ya Bunge, mwandike asilimia za wanne wa kwanza. Msirudi nyuma ya 2024 bila tahadhari: mipaka ya majimbo ilichorwa upya kabla ya uchaguzi huo, na jimbo lenye jina lile lile huenda lina mitaa mingine. Kisha ulizeni: tangu hapo, kwa mujibu wa utafiti wa maoni, kila chama kimepanda au kimeshuka pointi ngapi nchini? Ongezeni au punguzeni kwenye namba zenu. Ni makadirio ya mkono, lakini yanatosha kuonyesha nani yumo kwenye mbio na nani msindikizaji.

Mtakutana pia na makadirio ya jimbo kwa jimbo yanayotolewa na kampuni za utafiti wa maoni. Huhoji maelfu ya watu nchi nzima, kisha hukokotoa kila jimbo kwa kufuata umri, elimu na kura za zamani za wakazi wake. Katika jimbo lenu waliohojiwa huenda ni makumi tu. Yakisema fulani anaongoza kwa pointi 2, someni kwamba wawili hao wako sawa. Kampuni mbili zikitaja washindi tofauti, hiyo nayo ni habari: jimbo halijulikani.

Vipeperushi vya mlangoni ndivyo vinavyopotosha zaidi. Kile chenye michoro ya nguzo na maneno "ni sisi tu tunaoweza kuwashinda" kikagueni maandishi madogo chini. Mara nyingi namba ni za uchaguzi wa halmashauri, ambao wapiga kura wake ni wachache na huchagua kwa sababu za mtaani, au ni za utafiti wa nchi nzima. Wakati mwingine hata urefu wa nguzo haulingani na namba zilizoandikwa juu yake. Vyama karibu vyote hufanya hivyo, bila haya.

Maoni yetu ni haya. Kupiga kura ya kumzuia mtu kuna maana mambo mawili yakikutana: pengo ni dogo, na anayeweza kumshinda anajulikana wazi. Wapinzani wawili au watatu wakiwa wamekaribiana, kila mmoja akidai ndiye mzuiaji, mnabahatisha tu; hapo afadhali kumpigia mnayemtaka. Na pale mshindi anapojulikana mapema, kura ya moyo haipotei kama mumeo anavyodhani. Mgombea huweka dhamana ya pauni 500, naye huipoteza asipofikisha asilimia 5, kwa hiyo kura yako yaweza kumsaidia kuiokoa. Tena chama cha upinzani chenye wabunge wawili, au mmoja na kura zaidi ya 150,000 nchini, hupata ruzuku ya Bunge, na kiasi chake hutegemea viti pamoja na kura. Kura zenu za jimbo lisiloshindika zimo katika hesabu hiyo.

*Mimi ni Mtanzania, nasoma Manchester kwa viza ya mwanafunzi. Ninayeishi naye ni Mkongo. Wenzetu wanasema wageni hawachagui wabunge. Kweli?*

Kwako si kweli, kwa mwenzako ni kweli. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kwa kibali halali, mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, ana haki ya kuchagua mbunge. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zimo. Congo na Burundi hazimo. (Mwenzako angekuwa anaishi Scotland au Wales, angeweza kuchagua madiwani na bunge la huko hata bila uraia. England sivyo.)

Jiandikishe mtandaoni kwa namba yako ya bima ya taifa. Inachukua dakika chache. Mwisho ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi, saa sita usiku kasoro dakika moja. Wikendi na sikukuu hazihesabiwi, na hapo ndipo wengi hukosea. Kujiandikisha kwa ajili ya kodi ya halmashauri hakukuingizi kwenye daftari la wapiga kura.

*Habari za kazi. Niko Glasgow. Ilani za vyama ni ndefu, na nina mambo mawili tu yanayoniuma: foleni ya hospitali na viza ya mke wangu. Nisome nini?*

Kaka, yagawe mambo hayo kwanza, kwa sababu yana wenyewe tofauti. Afya huko kwenu iko chini ya Bunge la Scotland, lililoko Edinburgh. Mgombea wa Bunge la Uingereza, lililoko London, akikuahidi kufupisha foleni ya hospitali ya Glasgow, muulize atatumia mamlaka gani. Kitu anachoweza kugusa ni bajeti ya Uingereza, ambayo kupitia kwayo Scotland hupata fungu lake.

Viza ni mali ya London moja kwa moja. Kiwango cha kipato cha kumleta mwenzi kilipandishwa Aprili 2024 kutoka pauni 18,600 hadi 29,000 kwa mwaka, kwa mabadiliko ya kanuni za uhamiaji, bila sheria mpya kupitia hatua zote za Bunge. Kwa hiyo katika ilani nenda sura ya uhamiaji, utafute kama chama kinataja kiwango hicho na kinasema kitakifanya nini. "Tutapunguza hadi kiasi fulani" ni ahadi. "Tutapitia upya" au "tutatafuta uwiano wa haki" ni mlango ulioachwa wazi makusudi. Ahadi yenye namba, mwaka na chanzo cha fedha ndiyo unayoweza kuidai baadaye. Kwa upande wa fedha, taasisi ya Institute for Fiscal Studies hutoa uchambuzi wa ilani kabla ya siku ya kura. Usome hata kama ilani hutaimaliza.

Mbunge aliyepo akigombea tena, tazama alivyopiga kura bungeni: kumbukumbu za Hansard ziko wazi, na tovuti ya TheyWorkForYou huzipanga kwa mada. Ila usimhukumu kwa kutokuwepo tu. Huenda alikuwa safarini kikazi, au vyama viliafikiana kila kimoja kipunguze mtu mmoja. Kipimo kizuri zaidi ni siku alipokwenda kinyume na chama chake, maana wabunge wengi hufuata amri ya chama.

Kumbuka pia kwamba hupigi kura ya waziri mkuu. Mwaka 2022 pekee nchi ilikuwa na watatu, Johnson, Truss na Sunak, bila uchaguzi mkuu hata mmoja. Ukimchagua mgombea dhaifu kwa kumpenda kiongozi wa chama, kiongozi anaweza kuondoka na mgombea akabaki wako.

*Ni kitambulisho gani kinakubalika kituoni?*

Kwa uchaguzi mkuu ni lazima kiwe na picha. Pasipoti ya Uingereza au ya nchi yoyote ya Madola inafaa, hata iliyokwisha muda, mradi picha bado inafanana nawe. Leseni ya udereva ya Uingereza inafaa. Ya Kenya au Tanzania haifai, wala kitambulisho cha taifa cha huko. Picha ya kitambulisho kwenye simu haikubaliki. Usiye na chochote omba cheti cha mpiga kura, ni bure, kabla ya saa kumi na moja jioni siku ya sita ya kazi kabla ya uchaguzi. Ireland ya Kaskazini ina orodha yake, na serikali ilitangaza Julai 2025 kwamba inataka kulegeza masharti haya na kushusha umri wa kupiga kura hadi 16, kwa hiyo hakiki orodha uchaguzi ukikaribia. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi hadi saa nne usiku. Ukisahau kitambulisho, rudi ukakichukue. Mei 2024 Boris Johnson mwenyewe, ambaye serikali yake ndiyo iliyoleta sheria hiyo, alirudishwa nyumbani.

*Mzee mmoja wa jumuiya yetu hukusanya bahasha za kura za posta "atusaidie kuzipeleka". Ni mtu wa heshima, na anamfanyia kampeni mgombea. Tunaona vibaya kumkatalia.*

Mkatalieni kwa adabu. Sheria ya 2022 inamkataza mfanyakampeni kushika kura za posta za watu wengine, isipokuwa za jamaa zake wa karibu au mtu anayemtunza. Mwambieni kwamba mnamwepusha na kesi, na mtakuwa mmesema kweli.

Jazeni wenyewe, mfunge wenyewe. Kuna karatasi mbili: ya kura, na ya taarifa yenye tarehe ya kuzaliwa na sahihi. Watu huandika tarehe ya siku hiyo mahali pa tarehe ya kuzaliwa, na kura hukataliwa. Vivyo hivyo sahihi isipofanana na ile ya maombi. Mkichelewa posta, pelekeni kituo chochote cha jimbo lenu siku ya uchaguzi kabla ya saa nne usiku, mjaze fomu ya kukabidhi. Mtu mmoja huruhusiwa kupeleka yake na za watu wasiozidi watano. Bahasha iliyotumbukizwa kwenye sanduku la barua la halmashauri bila kukabidhiwa kwa mkono haihesabiwi.